Mikono Minne ya Kumgeuza Mama

Kila siku alasiri, baada ya kuvua sare ya shule, kuifua kola na kuianika kambani, msichana aliyeitwa Kipaza alikuwa na safari yake moja. Alichukua kitabu chake cha Maandiko, akakitia kwapani, akatoka. Jina hilo la Kipaza alipewa kwa sababu ya sauti yake: akisoma kanisani, hata waliokaa nje kwa kukosa nafasi walimsikia bila msaada wa chombo chochote. Darasani wenzake walimtania, “Mwulize saa ngapi, atakupa sura na aya!” Naye hakukasirika. Moyoni alijiona ni taa iliyowekwa mahali pa juu.

Safari yake iliishia mlango wa tatu kutoka kwao, nyumbani kwa fundi cherehani. Mama huyo, ambaye mumewe alifariki zamani, alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulikufa ganzi, na maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Binti yake, aliyesoma darasa moja na Kipaza na ambaye wote walimwita Sindano kwa wembamba wake, aliacha shule ili amwuguze. Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa amemwagiza kila mtoto apeleke Habari Njema katika nyumba moja, na Kipaza alichagua nyumba hiyo.

Alikuwa akisimama kizingitini. Chumba kilinuka dawa na shuka mbichi, naye alikuwa mwepesi wa kutapika. Basi alisoma kutoka pale pale, kwa sauti kubwa, kisha akafunga kitabu.

“Kipaza, ingia basi,” Sindano alimwambia siku moja. “Nisaidie kumgeuza mama. Peke yangu siwezi, naishia kumburuta.”

“Leo nina mazoezi ya kwaya. Lakini nitakuombea.”

“Hata juzi ulisema hivyo.”

“Na niliomba kweli!”

“Basi Mungu amekusikia, ndiyo maana amekuleta tena. Njoo ushike shuka upande ule.”

Kipaza alicheka, akaenda zake mbio.

Wiki ya tatu, kabla hajafungua kitabu, alisikia mlio wa uchungu kutoka ndani. Sindano alitokea mlangoni, macho mekundu, akamshika mkono na kumvuta hadi kitandani. “Tazama,” alisema, akainua shuka. Juu ya nyonga ya mama palikuwa na kidonda kipana kama kiganja, kibichi, chenye shimo katikati. Ngozi ilikuwa imeoza kwa kulaliwa upande mmoja.

Kipaza alifungua kitabu chake. Vidole vyake vikaanza kupekua kurasa.

“Kifunge hicho kitabu!” Sindano alisema. “Kila siku unatusomea habari za Bwana anayewainua walioanguka. Mama yangu huyu hapa, ameanguka, nawe hujamgusa hata kidole. Nenda, Kipaza. Usirudi.”

“Mwanangu... usimfukuze,” mama alinong’ona. Lakini Kipaza alikuwa amekwisha kutoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Nyumbani alimkuta babu yake akipiga pasi suruali yake ya kanisani. Mzee huyo alikuwa mhudumu wa wodi kwa miaka thelathini, mtu asiyependa maneno mengi wala nguo yenye mikunjo. Kipaza alimweleza yote huku akilia. Babu aliiweka pasi kando.

“Umekwenda huko kwa muda gani?”

“Wiki tatu, Babu.”

“Na mkono wako umemgusa mgonjwa mara ngapi?”

Kipaza aliinamisha kichwa.

“Kosa hili si lako peke yako,” Babu alisema. “Kila Jumapili nilijivunia sauti yako mbele ya watu, nisiulize mikono yako inafanya nini. Sasa panda kitandani. Lala ubavu, wala usijigeuze mpaka nikuambie.”

Alilala. Mwanzoni aliona ni mchezo. Kisha bega likaanza kuuma, halafu nyonga; na mkunjo mdogo wa shuka uliokuwa chini yake ukawa kama kaa la moto. Alipoomba ruhusa ya kujigeuza, Babu alijibu, “Bado. Yeye haombi ruhusa, kwa sababu mwili wake haumtii.” Hapo ndipo Kipaza alipolia kilio kingine, si cha kufukuzwa, bali cha kuelewa.

Jioni ile Babu alimfundisha namna ya kukunja shuka ya kumwinulia mgonjwa, jinsi watu wawili wanavyohesabu pamoja ili mgonjwa anyanyuliwe asiburutwe, na mahali pa kuweka mto ili magoti yasigusane. Kisha wakaongozana.

“Hodi,” Babu alibisha.

Sindano alifungua. Alimwona Kipaza, akakaza uso, lakini mzee ni mzee. “Shikamoo, Babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nimempitia muuguzi wa zahanati. Kesho asubuhi atakuja kukisafisha kidonda. Leo tumeleta mikono tu.”

Tangu siku hiyo Kipaza alifika alfajiri kabla ya shule, na tena alasiri mpaka giza lilipoingia. Walihesabu, “Moja, mbili, tatu,” wakamgeuza mama kama waliobeba yai. Alifua shuka, akakausha mgongo, akashona mito midogo kwa mabaki ya vitambaa vya fundi mwenyewe. Kitabu alikiacha nyumbani. Kwa aibu aliyokuwa nayo, hakutamka neno hata moja la imani.

Siku moja mama alimtazama kwa jicho lake zima. “Kipaza... umekuwa bubu?”

“Nina haya, mama.”

“Zamani ulipokuwa mlangoni... nilidhani ni redio ya jirani.” Nusu ya mdomo wake ilitabasamu, hata Sindano akacheka. Kisha mama akaacha kutabasamu. “Sasa umenishika, namjua anayesema. Niambie, mwanangu. Huko niendako... kuna anayenijua?”

Kipaza aliketi ukingoni mwa kitanda, akauchukua ule mkono uliokufa ganzi. Hakupaza sauti. Alimweleza, kwa maneno yake mwenyewe, habari za Bwana aliyewagusa wagonjwa walioogopwa na watu, aliyelia kaburini kwa rafiki yake, na anayemjua kila mmoja kwa jina. Mama alisikiliza mpaka mwisho. “Kesho uniambie tena,” alisema.

Alimwambia tena kesho yake, na siku nane zilizofuata. Lakini kidonda kilikuwa kimeingia ndani mno. Asubuhi ya siku ya kumi walihesabu hadi tatu, wakamgeuza, na mwili ukaja mwepesi, bila pumzi.

Baada ya mazishi, waombolezaji walipotawanyika, wasichana hao wawili walikaa kwenye kitanda kilichobaki kitupu. Mara Sindano aliinuka ghafla. “Saa ya kumgeuza imefika,” alisema, akashika ncha ya shuka. Ndipo alipokumbuka. Akaiachia ile shuka. Kipaza alimkumbatia, wakaketi sakafuni wakalia pamoja.

Babu aliyekuwa mlangoni aliwaacha walie. Walipotulia, Kipaza aliuliza, “Babu, kama ningeingia siku ile ya kwanza?”

“Pengine kidonda kisingetokea. Pengine kingetokea. Hutajua kamwe, nami sitakudanganya ili nikufurahishe. Utaubeba mzigo huo, na utakufundisha.” Alimgeukia Sindano. “Nawe, binti yangu, chumba chako kwetu kiko tayari, na Jumatatu unarudi darasani. Cherehani ya mama yako nitaibeba mwenyewe.”

Kisha mzee akaketi kati yao, akawashika mabega.

“Sikilizeni, wajukuu zangu. Neno la Mungu lisilo na mkono ni hodi ya mtu asiyekusudia kuingia. Na mkono usio na neno ni mgeni mwema asiyemtaja aliyemtuma. Mama yenu alihitaji vyote viwili: ageuzwe, na aambiwe. Ukiwa na imani, mpe mwenzako kinywa na mikono kwa pamoja, tena mapema, kwa maana mgonjwa hangoji mazoezi ya kwaya yaishe.”