Mizizi Mia Tatu Kumi na Miwili

Hesabu ndiyo iliyoanza kukataa. Muuguzi alisema kisogoni wameng'oa mizizi ya nywele elfu moja na mia nane. Karatasi ya kuondokea kliniki ikasema utosini imepandwa elfu mbili, mia moja na kumi na miwili. Mwalimu, miaka ishirini na sita akifundisha hisabati, aliisoma mara tatu, akaikunja mfukoni. Mwenye kipara akipewa nyongeza haulizi. Sisi wa kundi hilo tunajuana.

Daktari alikuwa amempa njia mbili. Kukata ukanda wa ngozi kisogoni na kushona, libaki kovu kama zipu. Au kung'oa mzizi mmoja mmoja kwa sindano, kazi ya kutwa, na kisogo chenyewe shamba dogo: ukivuna sana, nacho kinakuwa kipara. Akachagua ya pili. Mkewe alicheka mpaka machozi, akamkumbusha kwamba yeye aliolewa na kipara na hajawahi kulalamika.

Wiki ya tatu nywele mpya zikapukutika, kama daktari alivyoonya. Zingeota tena baada ya miezi. Ila kishungi kimoja juu ya paji kiligoma. Kilirefuka kidole kizima kwa siku mbili, kikawa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, na mchana kweupe, mwalimu akisahihisha madaftari, kikajilaza chenyewe upande wa kushoto, polepole, huku akisikia meno ya kitana yakipita, na chumba kikinuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Siku ya pili yake, mkewe akimmiminia chai, kinywa cha mwalimu kilifunguka bila yeye kukifungua.

"Nirudishieni zangu. Zikipungua, nachukua kichwa kilichozibeba, na kilicholala karibu nacho."

Mkewe aliweka birika chini, akampigia simu muuguzi.

Muuguzi alifika na kibano, akaongea kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Asubuhi ile ya kupandikiza, alisema, kabla ya mwalimu walikuwa na mteja mwingine. Walipogeuka kumpandia, kitanda kilikuwa kitupu na mlango bado umefungwa kwa ndani. Mizizi yake, mia tatu kumi na miwili, ilibaki kwenye kisahani cha maji ya chumvi.

"Kisogo chako kiliishiwa, mwalimu. Tukaona hasara kuitupa, tukakuongezea juu ya paji."

"Mkaona hasara," mkewe alisema, taratibu.

Wakamkalisha dirishani. Muuguzi alivuta mizizi ya kishungi mmoja mmoja, na kila mzizi ulipotoka ulilia kwa sauti nyembamba kama mbu ndani ya sikio, na mwalimu, damu ikimchuruzika hadi kwenye nyusi, aliendelea kuhesabu kwa sauti kwa sababu hesabu ndicho kitu pekee alichojua kukishika, mpaka paji likabaki tupu na harufu ya udongo ikakatika.

"Mia tatu kumi na mmoja," alisema.

Wakahesabu tena juu ya kitambaa cheupe. Mia tatu kumi na mmoja.

Ndipo aliposikia meno ya kitana, na safari hii hayakuwa masikioni mwake. Mkewe, aliyelala naye mto mmoja wiki zote tatu, alikuwa amewapa mgongo. Misuko yake ilikuwa ikifumuka yenyewe, nywele nyingi, nyeusi, za kufika mabegani, zikijilaza upande wa kushoto. Mwalimu akazigusa. Zote zilikuwa baridi.

"Bado mmoja," kinywa cha mkewe kilisema, bila yeye kugeuka. "Hesabu vizuri, mwalimu."