Swali Aliloulizwa Leila

Pale mtaani Kabeza, mtu akitaka kanzu iliyokaa vizuri begani, humwendea Ilyasi. Ni fundi cherehani hodari, na maneno hayampungukii. Alikuwa na mazoea ya kuwajibia watu. Mkewe Leila, aliyeshona vifungo pembeni yake, akiulizwa hata bei ya kitambaa, alimtazama mumewe kwanza. Majirani walisema hiyo ndiyo heshima, na Ilyasi alivimba kichwa kusikia hivyo.

Leila alijifungua mtoto wa mwisho, msichana mwenye afya. Siku chache baadaye akaanza kuhema kwa shida. Ilyasi akampeleka hospitali kubwa ya kufundishia, ambako wanafunzi wa chuo cha udaktari cha serikali hujifunza kazi.

Asubuhi daktari alifika kitandani na wanafunzi wake, wote katika makoti meupe. Ilyasi akapandwa na hasira.

"Muganga, hawa watoto wanakuja kufanya nini?"

"Ni wanafunzi wangu, mzee. Wanamuuliza mgonjwa, wanamwangalia. Mimi niko hapa nasimamia."

"Bibi yangu si kitambaa cha kujifunzia kukata!"

Mwanafunzi mmoja, binti aitwaye Belyse, alisema kwa upole, "Samahani, baba. Mama, kuna mguu unauma, ao umevimba?"

Leila alifungua mdomo.

"Oya, hapana," Ilyasi akajibu. "Miguu iko sawa. Ni kifua tu."

"Tunaweza kuiangalia?"

"Mbele ya wanaume wote hawa? Hapana!"

Daktari akamgeukia Leila mwenyewe. "Mama, wewe unasemaje?"

Leila alimtazama mumewe. Kisha akatikisa kichwa, akavuta kitenge mpaka kwenye nyayo. Daktari akaagiza vipimo vya kifua. Kabla ya vipimo kwisha, Leila alifariki.

Binti yao mkubwa, Kaze, alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Alitoka macho yamemwiva kwa machozi.

"Baba, mguu wa kushoto wa mama ulikuwa umevimba sana. Hakukuambia?"

Kwa mara ya kwanza, maneno yalimwishia Ilyasi.

Jirani yao Illuminée alikuja kuwapa pole. Yeye ni muuguzi katika hospitali ile ile. Ilyasi alimweleza habari ya mguu.

"Mwanamke akishajifungua, damu inaweza kuganda mguuni," Illuminée alisema. "Mguu mmoja unavimba, unauma, unapata joto. Donge likikatika linakwenda mpaka kwenye mapafu. Hapo mtu anakosa pumzi, anaweza kufa."

"Kama ningemwacha aseme, angepona?"

"Sijui, Baba Kaze. Sitakudanganya. Lakini wangejua mapema watafute nini."

Ilyasi alilia mbele ya jirani bila kuona haya.

"Niliwaona kama watoto wanaochezea mtu wangu," alisema.

"Kila daktari alikuwa mwanafunzi. Na mwanafunzi haachwi peke yake, mwalimu wake anamsimamia. Unaweza kuuliza huyu ni nani. Mgonjwa anaweza kuomba wanawake tu, na pazia lifungwe. Akikataa wanafunzi, bado atatibiwa. Lakini mwenye kujibu ni yeye. Wewe ulijua mguu wake unauma?"

"Sikujua," Ilyasi alisema. "Nilijibu tu."

Kaze akamlea mdogo wake. Miaka kadhaa baadaye aliolewa, akajifungua mtoto wake wa kwanza. Kumtunza aliyejifungua ni kazi ya mama yake, lakini mama hakuwepo. Ilyasi ndiye aliyempikia uji, na uji wenyewe ulikuwa na madonge. Kaze alikunywa bila kulalamika.

Asubuhi moja Ilyasi alimwona akichechemea.

"Ni uchovu tu, baba."

Ilyasi aliacha kanzu ya mteja chini ya sindano. Wakaondoka saa hiyo hiyo kwenda hospitali.

Daktari aliyekuja na wanafunzi alikuwa Belyse. Sasa alikuwa akiwafundisha wengine. Hakumkumbuka Ilyasi. Ilyasi alimkumbuka.

"Muganga, kama mwanangu anapenda, tunaweza kupata wanawake tu, na pazia?"

"Ndiyo, baba. Hakuna shida."

Wanafunzi wa kiume wakatoka. Belyse akamwinamia Kaze. "Mama, kuna mguu unauma, ao umevimba?"

Ilyasi alifungua mdomo. Akaufunga. Akatoka, akasimama nyuma ya pazia.

"Ndiyo," alimsikia Kaze akisema. "Huu hapa. Unauma tangu juzi, na unawaka moto."

Kipimo cha picha kilionyesha damu imeganda. Kaze alianzishiwa sindano za kuzuia donge lisikue. Akapona, akarudi nyumbani kunyonyesha mtoto wake.

"Baba, walisema ulilia kule nje," alimwambia. "Na mimi nilikuwa nimeshapata dawa!"

"Nilifurahi, mwanangu. Lakini mama yako naye alikuwa na jibu lake. Mimi nilimnyima nafasi ya kulisema."

Siku hizi mtu akija na mkewe dukani, Ilyasi humuuliza mke anataka gauni la namna gani. Mara nyingi mume huwahi kujibu. Ilyasi huinua mkono wenye utepe wa kupimia.

"Ngoja, baba," humwambia. "Nimemuuliza yeye."

Kisha humgeukia mke, akasubiri.