Kamba Iliyokazwa Mno

Jumamosi asubuhi foleni ya kuazima viatu vyenye meno ya chuma vya kupandia ukuta wa barafu ilifika mlangoni, na kila aliyesimama humo alikuwa na mwenzake. Mwanamke mmoja alikuja peke yake, amevaa sweta jipya la kijani, kikaratasi cha bei bado kinaning'inia shingoni. Alikuwa mpokea simu wa hospitali. Kwa siku aliongea na watu mia mbili, kisha akarudi kwenye chumba ambamo hakuna aliyemuuliza hata kama mvua imemnyeshea.

Mwazimishaji akamuuliza mwenzake yuko wapi. Ukuta ule wa barafu, uliojengwa ndani ya ghala la zamani la nyama, haupandwi na mtu mmoja: mmoja hupanda, mwingine hushika kamba chini. Nyuma ya dada wa watu foleni ikaanza kuguna.

"Nitamshikia mimi," alisema mwanamume aliyekuwa akipita na spana mkononi, ovaroli yake ya bluu imepauka magotini. Ndiye fundi wa mitambo ya kugandisha ule ukuta.

Fundi alimfundisha kugonga shoka mara moja kwa nguvu, si kudonoadonoa kama kuku. Atafute palipobonyea, maana palipotokeza hupasuka. Anyooshe mikono, ashushe visigino, asukume kwa miguu. Wiki ya kwanza alifika mita mbili, vidole vimekufa ganzi. Wiki ya tano aligusa kengele ya juu kabisa, akampigia dada yake simu huku analia. Kazi alitafutiwa na mjomba, chumba alitafutiwa na dada, na hata mume, kabla hajaondoka zake, aliletwa na shangazi. Kwenye kengele ile alijifikisha mwenyewe.

Na kila jioni saa moja simu yake iliita. "Umekula, bibie?" Fundi alikuwa akiuliza, naye anadanganya kwamba amekula ili wapate muda wa kuongea mengine. Alimpenda, tuseme ukweli, na fundi alikuwa hoi zaidi yake.

Wiki ya sita mtambo uliharibika, fundi akawa kazini, kamba akaishika mwalimu wa pale. Mita ya tatu mikono ikakataa.

"Nivute kidogo," aliomba.

"Kamba haivuti, dada. Inakudaka tu ukianguka. Nani alikuwa anakuvuta?"

Alishuka, akaenda moja kwa moja nyuma ya mitambo. "Ile kengele niliigusa mimi au wewe?"

Fundi aliiangalia mikono yake. "Ulikuwa unatetemeka. Sikuweza kukutazama hivyo."

"Wiki zote tano?"

"Zote."

Wiki tatu hakupokea simu zake. Alidhani atarudia upweke wake wa zamani, ule aliouzoea, lakini huu ulikuwa mbaya kuliko ule. Saa moja ikikaribia alijikuta anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Dada yake alipouliza habari za kengele, alibadilisha mazungumzo.

Mwishowe fundi akapiga simu hospitalini.

"Hospitali, nikusaidie?"

"Niunganishe na idara ya waliokosa."

"Haipo."

"Basi nitasubiri kwenye laini."

Akamwacha asubiri. Akahudumia simu nne, akanywa maji, akarudi. Bado alikuwepo, anapumua.

"Ukinishikia tena, kamba ilegee," alisema mpokea simu. "Nikianguka, nianguke."

"Utaumia."

"Najua. Wewe ndiye usiyejua."

Jumamosi alipanda, kamba imelegea kweli. Alianguka mara mbili, akachubuka goti, akaning'inia huku anasonya, na mara zote mbili fundi aliuma midomo asivute. Alifika nusu ya ukuta, basi. Alipokanyaga sakafu alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Nusu," alisema. "Lakini yangu. Hebu niambie, wewe ukifika kule juu unajisikiaje?"

"Sijui. Sijawahi kupanda."

"Miaka saba unaugandisha?"

"Nani angenishikia?"

 Mpokea simu alifungua kamba kiunoni mwake, akaifunga kwenye mkanda wa fundi, fundo alilikagua mara mbili. Akampa mashoka.

Fundi alipanda vibaya mno. Alidonoadonoa, akakunja mikono, akakumbatia barafu kifua kizima. Mita ya tatu vigimbi vikaanza kumcheza.

"Mpenzi," alisema bila kugeuka. Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. "Nivute kidogo."

Mikono ya mpokea simu ikamwasha kuvuta. Alielewa sasa zile wiki tano zilikuwa nini, na jinsi ilivyo rahisi kumnyang'anya mtu kitu chake kwa kumpenda.

"Sikuvuti," alisema. "Lakini siendi popote. Shusha visigino."

Fundi akashusha visigino.