Mhuri wa Meli Iliyokwisha Kuzama

Wino ulikuwa mbichi. Fundi saa aliupapasa mhuri wa bahasha ile, kidole kikatoka cheusi, akashtuka. Tangu ujana alikusanya bahasha za mabaharia wa vita, na mihuri yake aliisoma kama wengine wasomavyo sura za watu: huu umegongwa bandarini, huu umefichwa jina la manowari ili adui asijue. Lakini huu tarehe yake ilikuwa ya baada ya meli iliyoituma kuzama na watu wake wote.

"Mama Pacha!" alimwita mkewe. "Hebu njoo uone maajabu."

Jibu lilikuwa kishindo jikoni, go!, kama mhuri ugongwao mezani, kisha yowe. Alimkuta mkewe kajikunja sakafuni, gauni limechanika, mgongoni duara jeusi linavuja damu, na ndani yake tarehe ya siku ileile. Chumba kizima kilinuka mafuta yaliyoungua.

"Kuna mtu ananigonga," mkewe alinong'ona. "Simwoni."

Dada yake fundi, mganga wa mtaa wa pili, aliitwa, akaja mbio. Alipouona mgongo ule, na bahasha mkononi mwa kaka yake, sauti ilimshuka.

"Kaka, hili ndilo jini lililoizamisha meli. Linachokichukua hukipiga mhuri kwanza. Wifi yangu amekwishaandikiwa safari."

Akaanza dua. Hakuimaliza, jini lilimkamata mkono likauvunja kama ukuni, likambamiza ukutani, kisha likamnyanyua Mama Pacha hewani na kumgonga tena, begani, shingoni, kila pigo na duara lake, maji meusi ya chumvi yakimbubujika puani na mdomoni, huku fundi akining'inia miguuni pa mkewe na kulia kama mtoto, mpaka wazo likamjia kwamba posta mhuri uliokosewa hufutwa kwa mistari mizito juu yake.

Akachomoa kwenye makaa ya jiko fimbo ya chuma ya kuchochea moto.

"Mke wangu, siwezi."

"Nichome!" Mama Pacha alikoroma. "Nichome upesi, linanivuta!"

Akamchoma. Mstari juu ya kila duara, nyama ikiungua, jini likipiga ukelele uliopasua vioo, hadi likang'oa dirisha na fremu yake likatokomea. Mama Pacha akaanguka kama gunia.

"Limetoka?" fundi aliuliza.

"Limetoka," dada yake alijibu, akiupakata mkono uliovunjika.

Bahasha zote zilichomwa jioni ile, na fundi hakunung'unika. Mama Pacha alipona. Alicheka na mumewe na kumtania kama zamani. Ila kitandani hakumgeuzia mgongo tena, hata usingizini.