Kisanduku cha Kasuku Wawili

"Mwizi keshaingia harusini," sauti ya Mkuu ilisema kwenye kidude cha sikioni. "Kisanduku anacho. Sura yake hatuijui."

Miao Jingshu, mpelelezi, alipanda ngazi za hoteli mbio, bastola ya QSZ-92 ikimgonga ubavuni.

Alichelewa. Wageni walishaanza kutoka.

Kila mmoja alibeba kisanduku cha fedha chenye nakshi za dhahabu, kimefungwa kwa karatasi nyekundu. Hapa Xi'an nakala za visanduku vya enzi ya kale ya wafalme wa Tang huuzwa kama njugu, na maharusi huwapa wageni pipi ndani yake.

Kimoja kati ya hivyo hakikuwa nakala. Kiliibwa makumbushoni, na Mzee Qiao, mtunzaji wake, akasingiziwa na kutiwa rumande. Ndiye aliyemlea Jingshu baada ya wazazi wake kufa. Kingevuka mpaka, mzee angefia gerezani. Jingshu aliogopa, tena sana.

"Funga milango," Mkuu aliamuru.

"Atakitupa chini ya meza, aseme si chake. Namtaka nacho mkononi."

Jingshu alinyakua sinia la pipi, akasimama mlangoni kando ya nyanya wa bibi harusi.

"Nyongeza, jamani. Fungueni."

Walifungua wakicheka. Nani akatae pipi za harusi?

Mmoja alikataa. Suti ya kijivu, saa ya Omega.

"Asante dada, nina kisukari."

"Basi wapelekee wanao," nyanya alisema, akakivuta kisanduku. Mwanamume naye akavuta. Karatasi ikachanika, na ndani yake kikaonekana kitambaa cheupe pe.

Kicheko kilikatika.

"Cheupe?" nyanya aliuliza. "Kwenye harusi ya mjukuu wangu? Umekuja kumzika nani, wewe?"

Wauza vitu vya kale hufunga fedha kwa hariri nyeupe ili dhahabu isichubuke. Mazoea yana taabu.

Mkono wa mwanamume ulizama ndani ya koti. Jingshu alimtandika sinia la uso. Mwanamume alipozinduka alikuwa sakafuni, ana pingu, amekikumbatia kisanduku bado. Jingshu alikivuta.

"Hujui unachokishika, msichana."

"Nakijua. Nimekatazwa kukigusa tangu utotoni."

Alifunua hariri. Kasuku wawili wa dhahabu walikuwa salama kwenye kifuniko.

"Mkuu, ninacho. Mtoeni mzee."

Mkuu alijibu sikioni.

"Keshaambiwa. Analia. Anauliza kama kimekwaruzwa."

Jingshu alikigeuza kisanduku, akakikagua pande zote.

"Mwambie hakina hata mkwaruzo. Na asipande gari la mtu. Nakuja kumchukua mwenyewe."

Aliwaachia polisi mtu wao, akamwomba radhi bibi harusi, akashuka ngazi taratibu.