Mrija wa Cheryl

Cheryl alitapika na kuharisha mpaka akalegea. Mama yake, Florence, alimbeba kutoka nyumbani, mtaa wa Bofu, hadi hospitali. Akalazwa, akatiwa dripu mkononi. Maji yalipita kwenye mrija mwembamba, yakaingia mshipani.

Jumapili asubuhi Florence alimwuliza muuguzi, "Sista Mwanatatu, mrija huu hamuubadilishi kila siku? Mbona shuka mnabadilisha?"

Sista akacheka. "Shuka inalaliwa, mama Cheryl. Mrija wa maji matupu hukaa siku nne, hata saba, mradi usifunguliwe ovyo. Kila ukifunguliwa, vijidudu hupata njia ya kuingia kwenye damu. Mgonjwa akiongezwa damu, hapo mrija hubadilishwa siku hiyohiyo."

Mchana akaja Dama, mama mkwe wa Florence, na gauni safi.

"Mjukuu wangu hakai na nguo ya matapishi!"

Mrija ukamzuia kumvua Cheryl gauni chafu. Dama akauchomoa palipoungwa na sindano ya mkononi. Ncha ikaanguka kitandani. Akaipangusa kwa leso, akaichomeka tena.

"Mama!" Florence akashtuka.

"Nini? Si maji yanapita? Nimelea watoto sita mie."

"Lazima nimwambie sista."

"Ukinishtaki, narudi kwangu leo hii."

Florence hakuwahi kumpinga mama mkwe wake. Alimtazama mtoto. Vijidudu vikiingia kwenye damu ya Cheryl, je?

"Niwie radhi, mama. Nitasema." Akaita kwa nguvu, "Sista! Mrija ulichomoka, ukagusa kitanda!"

Sista alikuja mbio, akafunga maji.

"Umefanya vyema kusema. Mrija ukishagusa kitanda, hatungoji siku nne. Huu tunautupa sasa."

Akanawa mikono, akasafisha maungio kwa spiriti, akaweka mrija mpya. Kisha akaliona gauni safi mkononi mwa Dama, akamgeukia.

"Shikamoo, mama. Usichomoe tena, niite. Tunapitisha chupa ya maji kwanza kwenye mkono wa gauni, halafu mkono wa mtoto."

"Marahaba. Yaani chupa ndiyo ivae gauni kwanza?"

"Ndiyo, mama. Na mtoto akipata homa, akitetemeka, au mkono ukivimba, niambieni mara moja."

Dama alinuna, lakini hakuondoka. Kila mara alimgusa Cheryl kipajini.

Homa haikuja. Jumanne Cheryl alimaliza uji wote, akalia kutaka mwingine. Dripu ikatolewa, wakaruhusiwa kwenda nyumbani.

Mlangoni Dama akasema, "Florence, ukiniona nafanya vile tena, nipigie kelele."

"Nitapiga, mama. Wodi nzima itasikia."

Dama akacheka, akampokea mtoto.