Jina la Mama Chini ya Ukurasa

Alinanuswe, mwalimu mstaafu wa Itaka, alikuwa akigeuza kahawa kwenye meza ya kuanikia. Mikono ilichambua punje mbovu, lakini roho ilikuwa kwenye kabati la wifi yake Tumpe. Kabatini kulikuwa na kitabu cha mila za ndoa za Wanyiha. Kimeandikwa na Tumpe! Kurasa zimenyooka, herufi zimetulia. Hadi chuo kikuu walikichukua.

"Utafiti nilimfundisha mimi," alimwambia mumewe, Jofrey.

"Basi toa chako," Jofrey akasema. "Au leo tunaanika kahawa na wivu?"

Chake kilikuwepo, kikingoja kuchapwa: nyimbo za wanawake za kusagia ulezi. Kila wimbo ulikuwa na tanbihi, yaani maelezo madogo chini ya ukurasa, ya kumtaja mwimbaji. Hapo Alinanuswe hakutaka mzaha. Zamani wageni walikuja na vinasa sauti. Walibeba nyimbo za mama zetu, wakaandika "mwanamke wa kijijini." Mwanamke wa kijijini! Kama vile hakuzaliwa akapewa jina.

Jioni ilifika nakala ya majaribio kutoka kwa mchapaji wa Tunduma. Aliufungua wimbo wa mama yake, Ruti. Juu yake palisomeka: "Umeimbwa na Imelda."

Imelda ni mama mzazi wa Tumpe.

Hakungoja kesho; alikwenda kwa Tumpe usiku huohuo.

"Tumpe! Kitabu hakikukutosha, umechukua na mama yangu?"

"Wifi, hata hodi?" Tumpe aliitazama nakala. "Tanbihi hizi uliziwekaje?"

"Nilibonyeza kitufe cha enta mpaka chini ya ukurasa, nikaandika."

"Halafu?"

"Halafu nikaongeza beti kwenye wimbo wa mama yako."

"Basi beti zako ndizo zilizosukuma. Tanbihi ya mama yangu imeangukia ukurasa unaofuata, juu ya wimbo wa mama yako. Hakuna mwizi hapa."

Alinanuswe aliketi. "Na chako mbona hakikusogea?"

"Natumia LaTeX. Ni programu ya kompyuta, ya bure, ya kupanga kurasa za vitabu. Wewe unaiambia tu: hiki kichwa cha sura, huu wimbo, hii tanbihi. Tanbihi unaiandika palepale kwenye neno lake, ndani ya mabano. Yenyewe inaipa namba na kuishusha chini. Ongeza beti, kata beti, itafuata neno lake."

"Miaka yote hii hukuniambia!"

"Ungeuliza lini? Ukikiona kitabu changu unageuza shingo."

Alinanuswe alijifunza akiwa amenuna. Mara ya kwanza alisahau kufunga mabano, programu ikagoma.

"Hata mashine yako ina maringo kama wewe!"

"Funga mabano, wifi."

Akafunga. Wimbo wa Ruti ukatokea, na jina lake chini, mahali pake. Kwa kujaribu, akaongeza dibaji nzima. Kurasa zote zikasogea. Jina la Ruti likahama pamoja na wimbo wake.

Kahawa ya msimu uliofuata ilipokuwa mezani, kitabu kilitoka. Tumpe alikipima mkononi. Akakipima tena.

"Kumbe kinene kuliko changu," akasema, bila kucheka.

"Fungua mbele kidogo," Alinanuswe akamwambia. "Tazama chini."

Tumpe akasoma jina la mama yake, Imelda. Akalisoma tena, kwa sauti.